SOMO LA ROBO HII: KIFUNGUA KINYWA KUTOKA GHALANI KWETU



Msingi wa somo: 2 Wafalme 4:1-7. Mjane alipomlilia Elisha kwa ajili ya deni, nabii alimwuliza ana nini nyumbani. Nasi tuanzie hapo.

Mkoa wa Rukwa ni mmoja wa mikoa inayolisha taifa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Huku Muze, bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa, ufuta na karanga hupakiwa kwenye magari kwenda sokoni, na ulezi mwingi huishia kwenye pombe. Mtoto huenda shule na chai ya rangi tu, au bila kitu.

Wafadhili wetu wa Ulaya wanavifahamu vipande vya oti vinavyookwa kwa asali na kuliwa asubuhi. Oti hustawi nchi za baridi, na ikifika madukani kwetu ni ghali. Ulezi unaweza kushika nafasi yake. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii. Karanga huongeza protini, ufuta huongeza mafuta na madini ya chuma.

MAHITAJI (vipande 16)
- Unga wa ulezi, vikombe 2
- Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kikombe 1
- Ufuta uliokaangwa, nusu kikombe
- Asali, nusu kikombe
- Mafuta ya alizeti, robo kikombe
- Ndizi mbivu 2 zilizopondwa
- Yai 1 na chumvi kidogo

NAMNA YA KUTAYARISHA
1. Osha ulezi kuondoa mchanga, uanike ukauke kabisa, ndipo usagwe.
2. Kaanga unga bila mafuta kwa moto mdogo hadi unukie. Uache upoe.
3. Changanya vyote. Donge liwe zito. Likiwa kavu, ongeza maji kijiko kimoja kimoja.
4. Paka sufuria pana mafuta, shindilia donge liwe na unene wa kidole.
5. Funika kwa mfuniko wa bati. Weka makaa machache chini na mengi juu, kwa dakika 25 hadi 30.
6. Kata vipande vikiwa bado vya moto, kisha viache vipoe kabla ya kuvitoa, maana unga wa ulezi huvunjika upesi. Vile ndani ya siku 3.

TAHADHARI
Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupwe. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuoka. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tusiloweke karanga ili zibanguke kirahisi, na tuzianike juu ya turubai, si juu ya udongo. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Watoto wadogo hukabwa na punje za karanga, hivyo zitwangwe ziwe laini.

Tukumbuke pia kuwa udumavu huanza tangu mimba hadi miaka miwili. Kwa hiyo mama mjamzito apate vipande hivi pamoja na mboga na maharage, na mtoto aliyefikisha miezi sita apewe uji wa ulezi na karanga zilizosagwa laini, huku akiendelea kunyonya.

KWA KAMATI
Kabla gunia halijafungwa kwenda sokoni, kila kaya itenge debe moja la ulezi na debe moja la karanga kwa ajili ya watoto. Uamuzi huu baba na mama waufanye pamoja, kwa sababu fedha ya ufuta ikishaingia mfukoni mara nyingi hairudi jikoni.

KWA WAFADHILI
Hatuombi biskuti wala oti. Turubai za kuanikia na mashine ya kusagia zitatusaidia zaidi.

MASWALI YA KUJADILI
1. Msimu uliopita, tuliuza nini ambacho watoto wetu walikihitaji?
2. Nani katika kaya huamua kiasi cha kuuza?
3. Usharika wetu utaanza na kaya zipi?