Baiskeli Ipi Iwekwe, Ipi Itolewe?

Nyumba nyingi, na shule nyingi pia, zina baiskeli kuukuu zilizoegemezwa ukutani. Kila mara huongezeka moja, wala hapana itokayo. Mwisho mlango wa ghala haufungiki, mvua hupenya, na zote hushika kutu pamoja. Wahenga walisema: Mtaka yote hukosa yote. Basi somo letu ni hili: nafasi ikiisha, tutachaguaje?

Kwanza, tujue umri wa kila moja. Baiskeli yenye magurudumu yanayokaribia kulingana, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilijulikana sana tangu mwaka 1885, John Kemp Starley alipotengeneza Rover katika mji wa Coventry, Uingereza. Miaka michache baadaye John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo mjini Belfast. Tangu hapo umbo lake halikubadilika sana, kwa hiyo kutazama kwa mbali hakutoshi. Chunguza kitovu cha gurudumu la nyuma. Kama ni cha gia tatu za Sturmey-Archer, kilichotengenezwa Nottingham, mara nyingi utakuta tarakimu za mwaka zimegongwa juu ya chuma: 57 maana yake ni 1957. Lakini angalia! Fundi aweza kubadilisha gurudumu zima. Linganisha kitovu na fremu, breki na usukani kabla ya kukata shauri.

Wala jina lisikudanganye. Mwaka 1960 Raleigh, Phillips na Hercules ziliwekwa chini ya kampuni moja. Hivyo baiskeli mbili za baada ya mwaka huo, zenye majina mbalimbali, zaweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Hakuna haja ya kuziweka zote mbili.

Pili, tutazame uzima wake. Baiskeli yenye rangi yake ya kiwandani, hata ikiwa imefifia, ina thamani kuliko ile iliyopakwa upya ikang'aa. Tairi hununuliwa, cheni hununuliwa. Bali rangi ya kwanza ikisuguliwa kwa msasa hairudi tena.

Tatu, tuulize habari zake. Ilibeba nani, na ilibeba nini? Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu walifunga mto wa kukalia juu ya keria wakachukua abiria. Ndiyo asili ya jina boda boda. Mto huo haukutoka kiwandani, lakini anayeung'oa ili baiskeli "irudi kuwa ya asili" amefuta historia kwa mkono wake.

Sasa tuseme tuna baiskeli nne na nafasi ya mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 1957, ina breki za vyuma na rangi yake ya kwanza, ila tairi zimeoza. Ya pili ni ya aina hiyo hiyo, imepakwa rangi mpya na inakwenda vizuri. Ya tatu ni ya boda boda, na mto wake ungalipo. Ya nne ni fremu tupu iliyopinda. Wengi wangeshika ya pili kwa kuwa inapendeza macho. Mimi nasema tuweke ya kwanza na ya tatu, kwa maana kila moja inatufundisha jambo ambalo nyingine haiwezi. Ya nne apewe fundi. Ya pili apewe mwanafunzi atembeaye mwendo mrefu kuja shuleni. Hiyo haikutupwa, imerudishwa kazini.

Kabla ya kutoa yoyote, ipige picha, andika namba ya fremu, jina la aliyekuwa nayo, na kazi aliyoifanya nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Zilizobaki zitunzwe. Ziwekwe pakavu, mbali na jua, maana jua hupasua mpira. Magurudumu yasikanyage sakafu, tairi zisije zikabonyea upande mmoja. Mnyororo upakwe mafuta. Ukigeuza usukani uwe sambamba na fremu na kuzitoa pedali, baiskeli huchukua nafasi ndogo zaidi. Huenda hata ya tatu ikapata mahali pake.

Kuchagua si kukosa huruma. Asiyechagua humwachia kutu achague, na kutu haiulizi ipi ilikuwa ya babu.

MASWALI
1. Kwa nini tarakimu za kwenye kitovu hazitoshi kuthibitisha umri wa baiskeli?
2. Taja kitu kimoja kilichoongezwa baadaye ambacho hakifai kuondolewa, ukaeleze sababu.
3. Mwulize mzee mmoja wa kwenu habari za baiskeli yake ya kwanza, uziandike katika daftari lako.