Kununua Motokaa Kuukuu ya Dizeli kwa Fedha Chache



Somo letu la mara hii si la miche wala la kuanika. Ni la motokaa. Wengi wenu mmetuuliza, baadhi kwa upole na baadhi kwa ukali, kwa nini wajumbe wawili wa chama cha karafuu walisafiri kutoka Pemba mpaka Bariadi, mji mkuu wa Mkoa wa Simiyu, nchi ya pamba isiyo na mkarafuu hata mmoja, kwenda kutazama gari kuukuu. Jawabu lake ni refu kidogo. Tumeona yafaa tulieleze lote, maana fedha ni zenu, na tena wapo miongoni mwenu wanaokusudia kununua magari yao wenyewe.

Tuanze na kosa letu. Gari la kwanza la chama tulilinunua hapa hapa visiwani. Rangi yake ilikuwa ikimeta, viti vimevishwa vitambaa vipya, na redio ikilia vizuri sana. Tulilizunguka mara mbili, tukaliwasha, likawaka, tukalipa. Michango yote ikaishia pale. Msimu uliofuata likatusimamia njiani wakati wa magharibi, mgongoni lina magunia 22 ya karafuu mbichi za wanachama watano. Fundi alipoingia chini yake alikuta chesisi imeliwa na kutu hata bisibisi ikapenya, na oili ya injini imechanganyika na maji. Fedha ya kulitengeneza haikuwapo, wala ya kukodi jingine upesi haikuwapo. Karafuu zikalala ndani ya magunia siku mbili, zikashika joto, na zilipotandazwa majamvini zikakauka nyeupe, zimesinyaa, nyepesi kama makapi. Kila mkulima ajua karafuu ya namna hiyo hupata daraja gani mbele ya mpimaji. Aliyetuuzia gari hatumlaumu. Hakutuficha kitu ambacho tungelikitafuta tusingelikiona.

Basi safari hii tuliamua kwanza kujifunza, ndipo tununue.

Swali la mwanzo ni kama mtu anahitaji dizeli hata kidogo. Injini hii ina jina la Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, ambaye mwaka 1897 aliionyesha ikifanya kazi katika mji wa Augsburg. Tofauti yake na ile ya petroli ni kwamba haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa na joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa humo na kuwaka yenyewe. Kwa ajili ya kubana huko, vyuma vyake hufanywa vinene na vizito, na nguvu yake hupatikana injini ingali ikizunguka polepole. Ndiyo sababu hupanda mlima na mzigo bila ya kulia sana, na hunywa mafuta kidogo kuliko petroli kwa kazi ile ile. Lakini vifaa vyake ni ghali. Pampu yake na nozeli zake zikiharibika, bili yake humtoa mtu jasho. Kwa hiyo mwanachama ambaye safari zake ni kutoka Wete kwenda Chake Chake mara mbili kwa juma, na watoto wawili nyuma, tunamwambia wazi anunue gari dogo la petroli na astarehe. Dizeli ni ya mwenye mzigo.

Sasa Bariadi. Kijana wetu mmoja anayefanya kazi huko alituletea habari kwamba msimu wa kuuza pamba unapokwisha, wafanyabiashara wengine huuza pikapu zao ili wanunue nyingine. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na ni miongoni mwa mikoa iliyo mbele katika kilimo cha pamba. Hilo pekee lisingelitutoa kwetu. Kilichotutoa ni chumvi. Sisi tumezungukwa na bahari, na upepo wake hula chesisi usiku na mchana, hata gari likiwa limelala bandani. Bariadi iko mamia ya kilomita kutoka pwani, na Ziwa Victoria lililo jirani yake ni la maji matamu. Gari lililozeeka kule huzeeka kwa namna nyingine, nasi namna ile ya kwetu tulikuwa tumeshaichoka.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba Bara magari hayaumwi. Kule maradhi ni vumbi na udongo mweusi wa mbugani. Udongo ule wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na mvua ikinyesha hunata kama ulimbo. Huganda juu ya breki, huingia ndani ya mifereji ya chesisi, hukaa humo na unyevu wake. Vumbi nalo likipita kwenye chujio la hewa lililopasuka husaga pistoni na ringi kama msasa. Tena pamba ni nyepesi kuitazama, lakini mtu huipandisha juu, akaishindilia, akaongeza na watu. Kwa hiyo tulipofika tulitazama springi kwanza. Pikapu nyingi zilikuwa zimeongezwa majani ya springi, na zile ambazo chesisi yake imechomelewa nyuma ya kibanda cha dereva hatukuziuliza hata bei.

Zilibaki mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya miaka ya karibuni, nzuri, yenye injini ya mtindo mpya ambayo dizeli hukusanywa katika bomba moja kwa mgandamizo unaopita mara 1,000 ule wa hewa tunayovuta, na kompyuta ndiyo inayoamrisha kila nozeli ifunguke lini. Ni injini yenye nguvu na yenye kutumia mafuta kidogo, hatuisemi kwa ubaya. Lakini haivumilii uchafu wala tone la maji ndani ya dizeli, na sisi dizeli yetu mara nyingi hukaa katika madumu. Kuipima kwataka chombo cha kusoma kompyuta yake, na fundi wetu wa shamba hana chombo hicho. Bei yake ilikuwa sawasawa na fedha zote tulizobeba. Mwenzetu aliipenda mno. Alikaa ndani yake robo saa nzima akishika usukani, nasi tukamwacha.

Ya pili ilikuwa Toyota Hilux kuukuu, rangi imepauka, nyuzi za pamba bado zimo katika pembe za bodi. Injini yake ni ile iitwayo 3L, ya sentimita za ujazo 2,779, haina turbo wala kompyuta; pampu yake husukuma dizeli kwa mitambo ya chuma tu. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki wameijua injini hii tangu wakiwa wanafunzi wa gereji. Bei yake ilikuwa chini ya theluthi mbili ya fedha zetu.

Mwenyewe alikuwa mzee wa makamo mazuri. Tulimwamkia, akatuitikia kwa Kisukuma, “Mwangaluka,” akatuletea viti. Tulipoweka mkono juu ya boneti tuliikuta ina moto.

“Mzee wetu,” tukamwambia, “utuwie radhi, leo hatutaitazama. Tutarudi kesho alfajiri, nawe usiiwashe mpaka tufike.”

Akacheka, akasema, “Haya wanangu, naona mmeshawahi kuumwa na nyoka.”

Hili ndilo jambo ambalo twapenda kila mwanachama alikariri. Injini ya dizeli iliyochoka huona tabu kuwaka asubuhi ikiwa baridi, kwa kuwa haiwezi tena kuibana hewa ikapata joto la kutosha. Ikisha kupata moto huwaka kama mpya, na hapo mnunuzi hudanganyika. Asiyeruhusiwa kuiona baridi na aondoke, hata akipunguziwa bei.

Alfajiri ile tulifanya hivi. Kabla ya kuiwasha tulifungua rejeta, tukatazama maji kama yana mafuta juu yake, tukachomoa kijiti cha oili. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si aibu, hupata weusi siku chache tu baada ya kubadilishwa. Ya kuogopa ni iliyofanana na maziwa, maana hiyo imeingia maji. Na oili safi kama asali iliyotiwa jana kwa ajili ya wageni nayo yafaa kuulizwa. Kisha tukawasha. Taa ya plagi za kupasha moto ilipozimika, ikawaka kwa mkupuo wa kwanza, ikatoa moshi mweupe kidogo, ukatoweka. Moshi mweupe wa asubuhi wa muda mfupi ni wa kawaida. Usiokoma, na maji ya rejeta yakawa yanapungua au yanatoa mapovu, una maana gasketi ya kichwa cha injini imekwisha, au kichwa chenyewe kimepasuka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi mwingi ni dizeli iliyozidi hewa: huenda ni chujio la hewa tu lililoziba, huenda ni nozeli, na baina ya viwili hivyo pana tofauti kubwa ya fedha, basi lifungueni chujio mlitazame.

Halafu tukafanya jaribio ambalo fundi wetu alituusia sana. Injini ikiunguruma, fungua kizibo cha kutilia oili, kigeuze, ukiweke juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitetemeka kidogo hapana neno. Kikirushwa, na moshi ukatoka pale kwa kusukumana, ringi zimekwisha na moto wa silinda unapita chini. Chetu kilitetemeka, hakikuruka. Mzee alituangalia akatikisa kichwa. Alisema miaka yote ile hajaona mtu akifanya mchezo huo.

Kilomita zilizoandikwa kwenye saa ya gari hatukuzitilia maanani, maana saa hurudishwa nyuma kwa urahisi. Tulitazama pedali ya klachi iliyolika mpira wake na usukani uliong'aa kwa mikono. Gari lile lilikuwa limetembea sana, na halikujidai vinginevyo. Mkanda wa taimingi wa injini hii wapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Tulimwuliza mzee lini aliubadilisha. Akasema hakumbuki. Pampu ya dizeli nayo ilikuwa ikivuja kidogo kwenye ungio, akatuonyesha mwenyewe kabla hatujaiona. Kwa maneno yake mawili hayo tulimwamini katika mengine.

Tukaiendesha barabara ya lami kuelekea Lamadi, kisha tukaingia njia ya vumbi, tukapanda kilima kwa gia ya tatu, madirisha yamefungwa ili tusikie giaboksi. Sindano ya joto haikupanda. Breki zilivuta kushoto.

Karatasi msizifanyie uvivu. Namba ya chesisi isomeni kwenye chuma chenyewe, ambayo katika pikapu nyingi za Toyota huchongwa ubavuni karibu na gurudumu la mbele la kulia, muilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayepokea fedha. Nasi wa visiwani tuna jambo la ziada: gari la Bara lina namba zinazoanza na T, na za kwetu huanza na Z. Ulizeni TRA na ZRA habari za uhamisho na malipo yake kabla ya kutoa hata shilingi moja, si baada ya gari kufika bandarini.

Hesabu yetu ilikuwa nyepesi. Katika kila shilingi tatu, mbili ni za gari na moja haiguswi. Ya tatu ndiyo ya mkanda, ungio la pampu, breki, matairi mawili, oili na machujio yote, nauli ya meli na namba mpya. Kwa ile nzuri ya kwanza, shilingi hiyo ya tatu isingelikuwapo, nasi tungelirudi kule kule tulikotoka. Mwenzetu hakukubali mpaka tulipofika Dodoma njiani, na tunaandika haya kwa idhini yake.

Twajua yanayosemwa barazani, ya kwamba katibu ametumwa kununua gari akaleta gofu. Ni kweli halipendezi. Mkanda umekwisha kubadilishwa, breki zimetengenezwa, na risiti zote zimo katika faili la chama. Ungio la pampu bado linavuja tone kwa tone. Fundi asema litatengenezwa kabla ya mavuno, na fedha yake ipo. Anayetaka kulitazama gari na aje ofisini siku yoyote ya kazi, lakini aje alfajiri, kabla dereva hajaliwasha.