Umefunga kamera dukani? Gawa ruhusa, usigawe nywila

Wiki hii dada mmoja wa Isingiro kaniandikia inboksi: "Dada, nimefunga kamera stoo. Mume wangu yuko Bukoba, na kuna binti ananisaidia kufunga mizigo. Nawapaje na wao waone?" Nilianza kumjibu kwa maneno mawili, nikajikuta nimeandika ukurasa mzima. Nikaona bora nilete hapa kwa wote, maana jambo hilo hilo liliwahi kunigharimu wateja kwenye msimu ambao ndio tunautegemea.

Wanaonifahamu wanajua nauza viatu na mikoba. Stoo yangu kubwa ipo Omurushaka, na nina chumba kidogo Nkwenda kwa ajili ya wateja wa Kyerwa: Kaisho, Isingiro, mpaka Murongo kule mpakani. Ukisema kila mzigo wa Kyerwa utoke Omurushaka, nauli zinakumaliza. Nkwenda nilimweka binti. Anapokea mzigo, anapiga picha za stetasi, anafunga, anaandika jina na namba ya mteja, anamkabidhi boda. Mwaka mmoja nilipiga hesabu baada ya msimu wa kahawa nikakuta pea saba hazionekani. Sikumtuhumu mtu. Nikanunua kamera ya waifai, ile ndogo inayozunguka, elfu 65, nikamwita fundi akaja kufunga.

Kosa la kwanza lilifanyika siku hiyo hiyo na sikuliona. Fundi alitoa simu yake, akafungua programu ya kamera, akaskani, picha ikaja. Kisha akachukua simu yangu akaingiza akaunti ile ile aliyofungua yeye, kwa barua pepe yake. Mimi nimeona chumba changu cha Nkwenda nikiwa nimekaa Omurushaka, nikafurahi, nikamlipa na ya soda nikamwongezea. Kumbe kwa hesabu za programu, mwenye kamera ni fundi. Mimi ni mgeni niliyekaribishwa kwenye kamera niliyoinunua.

Kosa la pili ni la kwangu mwenyewe. Jioni ile nikaituma nywila kwenye WhatsApp kwa watu watatu: binti wa Nkwenda, ili akitoka kwenda kula aone kama kuna mteja mlangoni; mdogo wangu aliyeko Mwanza; na shemeji yangu. Ukimhesabu na fundi tulikuwa watu watano kwenye akaunti moja, na yeyote kati yetu angeweza kufuta video, kubadili nywila, hata kunifungia mimi nje.

Binti aliondoka mwezi wa nne. Tulikosana kwenye mshahara. Kuna pea nyingine ilipotea, nikamkata elfu 40, yeye akasema hakuichukua. Akaweka funguo mezani akaenda zake. Nilizipokea zile funguo na kitasa nikabadilisha kabisa, nikajiona mjanja. Kamera haikunijia akilini hata kidogo.

Mwezi wa saba, watu wameuza kahawa, hela ipo mtaani, oda zinaingia. Mteja wa Murongo akaniuliza: "Mbona mwenzako kanipigia anasema pea hiyo hiyo ananiletea kwa elfu 5 pungufu?" Nikasema labda kuna mtu anaiga ukurasa wangu. Baada ya siku mbili mteja wa Kaisho naye, maneno yale yale. Wa tatu akanipa namba iliyompigia. Nikafanya tunavyofanya wote, nikajifanya natuma pesa ili nione jina. Likatokea jina la yule binti.

Niliwaza sana kapata wapi namba za wateja walioagiza jana yake. Usiku ule nikafungua kamera, na jibu lilikuwa mbele yangu. Kamera ilikuwa inatazama meza ya kufungia. Mifuko imepangwa, kila mmoja umeandikwa kwa maka peni nene, jina na namba ya simu, maandishi yakiangalia juu. Ukivuta picha karibu kidogo unasoma kila kitu. Yeye hakuvunja wala hakudukua chochote. Alifungua programu kwenye simu yake kama nilivyomwekea, akanakili namba.

Nikampigia kwa hasira. Nikamwambia nakupeleka polisi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema: "Dada, nywila ulinitumia wewe. Na mimi miezi minane nimebadilishia nguo kwenye chumba kile, kaka yako na shemeji yako wana picha kwenye simu. Mbona hilo hujawahi kuliuliza?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli chumba kile hakina sehemu nyingine, na Jumapili alikuwa anatoka kanisani moja kwa moja anakuja kubadilisha nguo aanze kazi. Nilimwambia kuna kamera, sikumwambia nani wanaiona. Nikampigia mdogo wangu, akasema alikuwa anafungua usiku tu, tena mara chache. Namwamini. Lakini siwezi kumthibitishia yule binti, kwa sababu watu watano wakitumia akaunti moja, hakuna mahali pa kuangalia nani alifungua saa ngapi. Nilimrudishia elfu 40 yake. Wateja wengine walirudi, wengine hawakurudi.

Hapa na sheria tuigusie, maana wengi wetu tunadhani sheria za mitandao ni za kampuni kubwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume yake kabisa. Jina na namba ya mteja wako ni taarifa binafsi. Sura ya msaidizi wako kwenye video nayo ni hivyo hivyo. Ukivikusanya, wewe ndiye wa kuvilinda. Upande wa pili, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamkataza mtu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, lakini jiulize utajieleza vipi kama ruhusa uliitoa mwenyewe kwa WhatsApp na hujawahi kuiondoa.

Sasa tuje kwenye namna ya kufanya.

Anza kwa kujua akaunti ni ya nani. Ingia kwenye programu, sehemu ya wasifu, uangalie barua pepe au namba iliyofungulia. Kama ni ya fundi, mrudie kistaarabu, aifute kamera kwenye akaunti yake, kisha wewe uisajili upya kwenye akaunti yako. Kamera nyingi hazikubali kusajiliwa na mtu wa pili mpaka wa kwanza aiachie, kwa hiyo usisubiri mpaka fundi abadilishe namba ya simu au ahamie Geita. Siku ya kufunga kamera mpya, mpe fundi simu yako afanyie hapo hapo, na nywila uandike wewe kwa vidole vyako. Akaunti ifunguliwe kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Ukifungulia kwa laini ya msaidizi, siku ukisahau nywila ujumbe wa kuirejesha unaenda kwake.

Ukishakuwa mwenye kamera, ndipo unashea. Programu nyingi zina kitufe cha kushea kifaa, kipo kwenye zile nukta tatu au kwenye alama ya gia. Unayetaka kumpa anapakua programu ile ile kwenye simu yake, anafungua akaunti yake, kwa nywila yake ambayo wewe huijui na huna haja ya kuijua. Wewe unaandika barua pepe au namba yake, au anaskani kwako, naye anakubali mwaliko. Programu nyingine hapo zinakuuliza unampa nini: kuona moja kwa moja tu, au na video za nyuma, kupokea arifa, kuongea kupitia spika, kuzungusha kamera. Usibonyeze kukubali vyote kwa haraka. Mpe kile kinachomhusu, kingine acha.

Faida yake unaiona siku ya kuachana. Unaingia kwenye orodha, unafuta jina moja, wengine wanaendelea kama kawaida. Mimi ilibidi nibadilishe nywila na kuanza upya na wote. Na kubadilisha nywila peke yake kuna programu ambazo simu iliyokwisha kuingia inaendelea kuona. Tafuta orodha ya simu zilizoingia kwenye akaunti yako, uzitoe zote, uache ya kwako. Kama programu ina uthibitisho wa hatua mbili, uwashe.

Kuna kamera za bei ya chini zenye stika chini au nyuma, ina namba ya kamera na nywila ya kiwandani. Hizo muwe nazo makini sana. Nyingine mtu akiwa na namba hiyo na nywila hiyo anaiongeza kwenye simu yake bila kukuomba. Badilisha nywila ya kamera yenyewe siku ya kwanza. Ile stika ipige picha uitunze, kisha uibandue au uifunike. Nimeingia duka moja Kayanga kamera ipo kaunta, stika inasomeka na mteja yeyote aliyekuja kununua vocha.

Na nywila ya waifai ni kitu kingine, msivichanganye. Kama unawapa wateja waifai, ruta nyingi zina mtandao wa wageni. Wape huo, kamera ibaki kwenye mtandao wako.

Baada ya hapo angalia kamera inaona nini. Yangu sasa inatazama mlango na rafu. Meza ya kufungia nimeihamisha nyuma yake, na mifuko naandika namba ya oda tu. Jina na simu ya mteja viko kwenye daftari na kwenye karatasi ndogo anayopewa boda. Kona ya kubadilishia nguo nimeitenga kwa pazia, kamera haifiki, na binti wa sasa nilimsimamisha mbele ya simu yangu akaona mwenyewe picha inaishia wapi. Nikamtajia na majina ya wote wanaoiona. Sauti nimeizima kabisa, sina haja ya kusikia anaongea nini na mama yake. Mlangoni kuna karatasi: "Hapa kuna kamera."

Lililobaki ni la nani umpe, na hapa ndipo tunapokosea sana. Tunawapa ndugu tunaowapenda. Mdogo wangu wa Mwanza siku moja alipata arifa saa nane usiku, mtu anasukuma mlango wa Nkwenda. Akanipigia mimi, nimelala, simu iko chaji chumba kingine. Hata ningeamka, kutoka Omurushaka usiku ule ningefika saa ngapi? Mtu alikuwa mlevi tu, akaondoka. Lakini nilijifunza kuwa mtu wa kupewa arifa ni yule anayeweza kufungua mlango wake akatoka. Sasa anayezipata ni mama jirani anayeuza chakula pembeni. Nikaongeza kamera ya pili nje, nikamshea hiyo ya nje peke yake. Ndani haoni, na mwenyewe aliniambia hataki kuona, asije akaulizwa siku kitu kikipotea. Mama ana akili kuliko mimi. Bando la kufungulia picha namrushia mimi, maana kuangalia moja kwa moja kunakula, na si haki alinde mali yangu kwa hela yake ya maharage.

Umeme ukikatika na ruta ikizima, hakuna anayeona chochote, hata ungeshea watu ishirini. Mimi nina betri ndogo ya sola inayobeba ruta na kamera, pamoja na memori kadi ndani ya kamera ili irekodi hata intaneti ikipotea. Kadi hiyo nayo ni mlango. Aliyeichomoa anaondoka na video zote bila nywila, kwa hiyo kamera ikae juu, si usawa wa mkono.

Dada yangu wa Isingiro, jibu lako ni hili. Mume aliyeko Bukoba mshee kwa akaunti yake mwenyewe, aone moja kwa moja na video za nyuma, hiyo ni mali yenu wote wawili. Binti usimpe. Yeye yupo ndani ya chumba chenyewe, anahitaji kuona nini kwenye simu? Kama shida ni mteja kufika wakati katoka, bandika namba yako mlangoni. Ila kabla hujamshea yeyote, mkalishe huyo binti umwambie kamera inaona wapi na nani anaiona, na umuulize anabadilishia wapi nguo. Kisha geuza kamera yako uitazame kupitia simu ukiwa umevuta picha karibu kabisa, uone kama unaweza kusoma namba ya mteja hata mmoja.

Na fundi wako, kama ndiye aliyefungua akaunti, mpigie kesho asubuhi.