Sinema ya Uwanjani na Afya ya Mtazamaji: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Familia

Utangulizi

Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari kijana katika hospitali ya wilaya, nilifuatana na wenzangu hadi kijiji kimoja kuonesha filamu kuhusu malaria. Tulifunga shuka jeupe kati ya miembe miwili, tukawasha jenereta, na ilipofika saa mbili usiku mamia ya watu walikuwa wameketi chini mbele yetu. Filamu ilihusu matumizi ya chandarua. Ilipokwisha niliuliza ni nani ana chandarua nyumbani, na karibu kila mkono uliinuliwa. Nikafurahi.

Ndipo bibi mmoja aliposimama akasema, “Mjukuu wangu daktari, vyandarua tunavyo. Lakini mbona mbu wanatuuma hapa hapa mnapotufundishia?” Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Nilimjibu, “Ni kweli, bibi,” kisha nikaendelea na hotuba yangu.

Siku kumi na mbili baadaye, mtoto wa miaka mitatu kutoka kijiji kile aliletwa wodini akiwa na degedege. Kipimo kilionesha malaria. Mama yake alieleza kwamba mtoto hulala ndani ya chandarua kila siku, isipokuwa usiku ule wa sinema aliposinzia mapajani mwake. Siwezi kuthibitisha kwamba aliambukizwa usiku ule. Mbu yeyote, jioni yoyote, angeweza kuwa chanzo. Mtoto alipona. Hata hivyo, swali la bibi yule lilibaki bila jibu la maana, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

Asili ya sinema ya wazi

Kutazama filamu nje ya jengo si jambo geni. Tarehe 6 Juni 1933, Richard Hollingshead alifungua karibu na mji wa Camden, New Jersey, nchini Marekani, uwanja ambamo watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari yao. Alijenga matuta yaliyoinua sehemu ya mbele ya kila gari ili wa nyuma asizibwe na aliye mbele yake. Mwanzoni vipaza sauti viliwekwa karibu na skrini, navyo vilisumbua majirani. Baadaye kila gari lilipewa kipaza sauti chake kidogo, na baadaye tena sauti ikapokelewa kupitia redio ya gari.

Mtindo huo ulifika Afrika Mashariki. Wakazi wa Dar es Salaam wenye umri mkubwa wanaikumbuka sinema ya Drive-In ya Msasani, mahali ambapo leo upo ubalozi wa Marekani. Nairobi ilikuwa na Belle Vue katika Barabara ya Mombasa na Fox katika Barabara ya Thika. Huko Zanzibar, tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likionesha filamu chini ya anga katika Ngome Kongwe.

Wananchi wasiokuwa na magari nao walifikiwa na sinema, kwani gari la sinema liliwafuata vijijini. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa majaribio wenye makao yake Vugiri, Tanga, ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha kwa magari katika Afrika Mashariki. Afya ilikuwa miongoni mwa mada zake. Hivyo, anayefunga shuka jeupe leo ili kufundisha kuhusu malaria au kipindupindu anaendeleza desturi ya karibu miaka mia moja.

Saa ya sinema ni saa ya mbu

Filamu ya nje haiwezi kuonekana kabla ya giza kuingia. Katika sehemu kubwa ya nchi zetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Onesho huanza baada ya hapo na kumalizika saa nne au saa tano usiku. Ni vema tuzilinganishe saa hizo na tabia za mbu.

Mbu jike aina ya Anofelesi, anayeeneza malaria, huuma usiku. Baadhi ya jamii zake hupendelea kuingia ndani ya nyumba na kuuma usiku wa manane, wakati watu wamelala. Dhidi ya hao, chandarua chenye dawa kimeokoa maisha ya watu wengi sana, na hakuna neno katika makala haya linalopunguza thamani yake. Lakini wapo wengine, hususan Anofelesi arabiensisi, ambao huuma pia nje na mapema jioni, nao huweza kunyonya damu ya wanyama kama ng’ombe. Mbu huyo humkuta mtu barazani, jikoni, msibani, harusini na kwenye sinema.

Mbu aina ya Aedesi, anayeeneza homa ya dengi, huuma zaidi mchana, na kwa nguvu zaidi asubuhi na muda mfupi kabla ya jua kuzama. Wanaowahi uwanjani saa kumi na moja jioni ili wapate nafasi nzuri humkuta mbu huyo akiwa kazini. Wakazi wa Dar es Salaam waliopitia milipuko ya dengi ya mwaka 2014 na 2019 wanafahamu maumivu ya homa hiyo.

Jambo la msingi ni hili: chandarua humlinda aliyemo ndani yake, kwa muda aliomo ndani yake. Mtoto aliyesinzia mgongoni mwa mama yake mbele ya skrini amelala bila chandarua, hata kama nyumbani kwao vipo vitatu. Hili ndilo jibu ambalo bibi yule alistahili kupewa.

Namna ya kujikinga uwanjani

Kwanza, mavazi. Suruali au gauni refu, mikono mirefu, soksi na viatu vya kufunika mguu hupunguza kuumwa, kwa kuwa Anofelesi hupenda kuuma miguuni kwa mtu aliyeketi. Khanga au shuka la kumfunika mtoto miguu na mikono ni kinga rahisi.

Pili, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Chagua yenye DEET au pikaridini, na usome maelezo ya kibandiko. Usimpake mtoto mwenye umri chini ya miezi miwili. Mtoto mkubwa kidogo apakwe na mtu mzima, bila kugusa macho, mdomo, viganja wala vidonda. Na arudipo nyumbani aoshwe kwa sabuni.

Tatu, mahali. Epuka uwanja ulio karibu na madimbwi, mashamba ya mpunga au zizi la ng’ombe. Dawa ya mbu ya kuchoma haina nguvu kubwa mahali penye upepo, na kamwe isiwashwe ndani ya gari.

Nne, watoto wachanga na wajawazito. Malaria huwadhuru zaidi hao. Ikiwa msimu ni wa mvua na kinga hakuna, ni busara wabaki nyumbani, au onesho lifanyike mchana darasani.

Moshi wa injini na jenereta

Anayetazama akiwa ndani ya gari huvutika kufunga vioo na kuacha injini ikiunguruma ili apate kiyoyozi. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zinazozidi zile za oksijeni mara 200 au zaidi, hivyo damu hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Baadaye fahamu hupotea. Hatari iko hapo: mzazi anayemwona mtoto amelala kwenye kiti cha nyuma hudhani amechoka tu.

Zima injini muda wote wa onesho na uache vioo wazi kiasi. Jenereta iwekwe nje, umbali wa mita sita au zaidi kutoka kwa watazamaji na majengo, upande ambao upepo hauleti moshi kwa watu. Mtu mwenye dalili zilizotajwa atolewe haraka penye hewa safi na apelekwe hospitali, asiachwe “apumzike kidogo.”

Sauti na afya ya masikio

Katika maonesho ya uwanjani watoto hukimbilia mbele, miguuni mwa spika. Sauti kubwa huharibu chembechembe za kusikia zilizo ndani ya sikio, nazo hazioti tena. Kipimo chepesi ni hiki: ikiwa inakubidi kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, sauti imezidi. Masikio kuvuma baada ya onesho ni onyo. Waandaaji waziinue spika juu ya vichwa vya watu na kuweka kamba ya kuwazuia watoto kuzikaribia.

Wagonjwa wenye mahitaji maalumu

Mgonjwa wa selimundu ajihadhari na baridi ya usiku, ambayo huweza kuchochea maumivu makali; avae nguo za joto na anywe maji ya kutosha. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta na akae mbali na vumbi na moshi wa mishikaki. Mwenye kisukari asiruke mlo wala dawa kwa sababu ya onesho. Baadhi ya wenye kifafa huathiriwa na mwanga unaomwekamweka. Aone dalili, afumbe jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso pembeni.

Kwa mhudumu wa afya

Ndugu mhudumu, hatusemi sinema ya uwanjani iachwe. Inakusanya watu ambao hawangekuja kliniki, na filamu humfikia hata asiyejua kusoma. Tunachosema ni kwamba mkutano wetu wenyewe usiwe chanzo cha ugonjwa tunaoupinga. Kabla ya onesho, kagua uwanja mchana. Tangaza siku moja kabla kwamba watu waje na nguo ndefu na mashuka ya watoto. Fupisha filamu, dakika arobaini zinatosha. Anza kwa kueleza kinga ya nje, kisha chandarua.

Katika majuma mawili yanayofuata, mwambie kila mzazi kwamba homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo, kwani dalili za malaria kali inayoenea kwetu kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa. Degedege, kupoteza fahamu, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kupumua kwa shida ni dalili za hatari zinazotaka hospitali bila kuchelewa.

Mwisho, mtazamaji akiuliza swali linalowachekesha watu, lisikilizwe mara mbili. Bibi yule alikuwa ameona kosa la mpango wetu wote kabla yetu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtu mwenye chandarua nyumbani anaweza kupata malaria kutokana na mikusanyiko ya jioni?
2. Taja dalili nne za sumu ya kaboni monoksidi na hatua ya kwanza ya kuchukua.
3. Ukiombwa kuandaa onesho la filamu kijijini kwako mwezi ujao, ungebadilisha nini katika uwanja, muda na tangazo?