Usubi: Mwasho wa Ngozi Usioishia Kwenye Ngozi

Mwezi huu tuzungumze juu ya mwasho. Wengi huuona ni jambo dogo la kuvumilia: mtu hujikuna, hujipaka mafuta ya nazi, maisha huendelea. Lakini kwa familia zilizo karibu na mito iendayo kasi ya Usambara, mwasho usiokwisha yafaa upimwe. Huenda ni usubi. (Wasomaji wa Tanga mjini na Pangani, msigeuze ukurasa. Wengi wenu mna ndugu na mashamba huko juu.)

Usubi ni jina la inzi mdogo mweusi, na pia la ugonjwa anaoueneza. Huzaliana katika maji yaendayo kasi na huuma mchana. Minyoo anayoileta hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi, mara nyingi nyongani na mbavuni, na yaweza kuishi humo miaka 10 hadi 15. Watoto wake, kwa maelfu, hutembea katika ngozi. Wakifa, mwili hupambana nao, na mapambano hayo ndiyo yanayowasha. Miaka ikipita ngozi hukakamaa na kukunjamana, na miundi huwa na mabaka meupe kama ya chui. Wakiingia machoni huleta upofu.

Upofu unajulikana. Lisilosemwa sana ni akili.

Mtoto anayejikuna usiku kucha husinzia darasani, na mwalimu humwona mzito. Hilo ni la kwanza. La pili ni kifafa. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu wagonjwa wa kifafa tangu miaka ya 1960, akaeleza habari za watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, hasa wakiona chakula. Baadaye huanguka, husahau waliyojifunza, na wengine hudumaa mwili na akili. Mwaka 2017 uchunguzi ulifanyika huko katika vijiji vyenye usubi. Katika vile vya mbali, watu wapatao 35 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Katika vile vya karibu na mji, wapatao 15. Huko Kameruni, watoto waliopimwa ngozi kati ya 1991 na 1993 walifuatiliwa mwaka 2017. Waliokuwa na vijidudu vingi zaidi ndio waliopata kifafa zaidi. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba askari wa mwili waliotumwa kumpiga mnyoo hupotea njia na kuushambulia ubongo.

Kwa hiyo ile dawa ya ivamektini inayogawiwa vijijini si ya macho tu. Katika milima yetu imegawiwa kwa zaidi ya miaka 20, na ugonjwa umepungua sana. Lakini huua watoto wa minyoo, haiui wazazi wao. Ukiiruka mwaka mmoja, ngozi hujaa tena. Wengine huikataa kwa sababu mwaka uliopita walivimba na kuwashwa zaidi baada ya kuimeza. Ndugu zangu, mara nyingi hao ni vijidudu wanaokufa, na hali hiyo hupita kwa siku chache. Akina baba, ninyi ndio mnaokuwa shambani siku ya dawa! Rudini mapema.

Mtoto ambaye tayari ana kifafa asifichwe ndani. Povu lake haliambukizi. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na umweke mbali na moto wa jikoni. Mpeleke apewe dawa za kifafa, naye azinywe kila siku hata akikaa miezi bila kuanguka. Dawa za mganga wa kienyeji hazitazuia degedege hizo, na kila mwezi anaoupoteza huko ni masomo yanayosahaulika.

Ivamektini hawapewi watoto wasiofikia urefu wa sentimita 90, wajawazito, mama aliyejifungua chini ya wiki moja, wala mgonjwa mahututi. Mama aliyerukwa kwa ajili ya mimba asisubiri mwaka mwingine uishe: wiki ya kwanza baada ya kujifungua ikipita, amwulize mgawa dawa wa kijiji au aende zahanati.