Linda Mtoto Wako Katika Kwaya, Timu na Vikundi vya Vijana



Kila jioni kambini kwetu kwaya zinafanya mazoezi, timu za mpira zinacheza, na maskauti na vikundi vya ngoma na maigizo vinakutana. Vikundi hivi ni vizuri. Vinawapa watoto kazi ya kufanya na vinawaepusha na uzururaji. Somo hili halikuambii umtoe mtoto wako kwenye kikundi. Linakuomba ujue kikundi hicho kinaendeshwaje.

NI NANI ANAYEWADHURU WATOTO?

Wazazi wengi tunawaonya watoto wajihadhari na mtu wasiyemjua. Onyo hilo halitoshi. Mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayefahamika: jirani, ndugu, mwalimu, kocha au kiongozi wa kikundi. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Uchunguzi uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kijinsia angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo usiseme, "Mimi nina wavulana tu, sina wasiwasi."

Wafanyakazi wa misaada nao wasiachwe nje ya somo hili. Mwaka 2002 UNHCR na Save the Children walitoa ripoti kuhusu kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone. Watoto walieleza kuwa baadhi ya wafanyakazi wa misaada waliwataka kimapenzi ili wawape chakula na vitu vingine. Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alitoa kanuni: mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa haruhusiwi kufanya mapenzi na mtu aliye chini ya miaka 18. Kusema "sikujua umri wake" si utetezi. Kanuni hiyo inayahusu pia mashirika yanayofanya kazi kwa mkataba na Umoja wa Mataifa.

ANAANZAJE?

Mtu wa namna hii hatumii nguvu siku ya kwanza. Kwanza huchagua mtoto, hasa asiye na wazazi, anayelelewa na ndugu, au ambaye kwao mgao unaisha mapema. Kisha humpa zawadi: sabuni, biskuti, jezi, viatu, pesa ya simu. Humsifu mbele ya wenzake. Huzoeana na wazazi mpaka wamwamini. Baadaye hutafuta nafasi ya kuwa naye peke yake: "Wewe baki, nikufundishe zaidi." Humshika kama kwa mchezo. Mwisho humwambia, "Hii ni siri yetu. Ukisema, nitakutoa kwenye timu, na nyumbani watakupiga."

Hapo mtoto ananyamaza. Anaona aibu, na anadhani kosa ni lake kwa sababu alipokea zawadi. Kosa si lake hata kidogo.

KANUNI SITA ZA KIKUNDI SALAMA

Siyo rahisi kumtambua mtu mbaya kwa sura. Kwa hiyo tusikae tukikisia nani mzuri na nani mbaya. Tuweke kanuni zinazomhusu kila kiongozi. Kiongozi mwema hatachukia, kwa maana zinamlinda naye dhidi ya kusingiziwa.

1. Mtu mzima asikae na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Mazoezi yawe uwanjani, au ndani ya nyumba yenye mlango wazi, na viongozi wawe wawili au zaidi.
2. Mazoezi yaishe kabla ya giza. Watoto warudi nyumbani pamoja kwa makundi.
3. Kikundi kikisafiri, wazazi wapewe orodha ya watoto na viongozi. Wasichana na wavulana walale mahali tofauti, na mtu mzima asilale kitanda kimoja na mtoto.
4. Hakuna zawadi ya siri. Kama ni jezi au sabuni, itolewe hadharani na wazazi wajue.
5. Kiongozi mpya asipokelewe kwa kuwa anajua kuimba au kucheza tu. Kamati iulize alikotoka, alifanya kazi na watoto gani, na kwa nini aliacha.
6. Watoto wote watajiwe mtu mmoja nje ya kikundi wanayeweza kumweleza jambo, na ni vizuri awepo mwanamke.

MTOTO AKIKUELEZA

Msikilize bila kumkatiza. Usimpige, usimwulize "ulifuata nini kule?" Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Ninakuamini." Wengine hawasemi kwa mdomo. Angalia mtoto anayekojoa kitandani wakati alikwisha acha, anayekataa ghafla kwenda mazoezini, anayeota ndoto za kutisha, au anayetembea kwa maumivu.

Kama amebakwa au amelawitiwa, mpeleke hospitali au kituo cha afya cha kambi mara moja, hata usiku. Usisubiri kwanza fomu ya polisi (PF3). Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa hizo humezwa kwa siku 28. Msichana aliyekwisha balehe anaweza kupewa dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Zipo pia dawa za magonjwa ya zinaa. Ikiwezekana asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi au kitambaa, siyo mfuko wa plastiki. Kama saa 72 zimepita, mlete vilevile. Bado kuna matibabu na ushauri.

Taarifa unaweza kuipeleka kwa ustawi wa jamii, kwa polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa simu namba 116, ambayo hapa Tanzania ni ya bure.

TUSIMALIZE KESI CHINI YA MTI

Kuna familia zinazopokea mbuzi au pesa, au kumwoza binti kwa aliyembaka, ili kuficha aibu. Kwa sheria ya Tanzania mtu mzima anayembaka mtoto anaweza kufungwa miaka 30 au maisha. Pesa za siri haziponyi mtoto, na mtu yule anabaki na watoto wengine 20 wa kikundi. Vilevile tusimpige mtuhumiwa. Aondolewe kwenye kikundi wakati uchunguzi unaendelea, na vyombo vya sheria vifanye kazi yao.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KWENYE KIKUNDI

1. Je, unajua jina la kiongozi wa kikundi cha mtoto wako, na saa mazoezi yanapoisha?
2. Ni kanuni ipi kati ya hizi sita ambayo kikundi chenu hakina? Nani ataipeleka kwenye kamati wiki hii?
3. Mtoto wako akipatwa na jambo, atamweleza nani? Mwulize leo.