Kulala Unguja bila kelele

Swali: Familia ya Loitokitok inakwenda Unguja mwezi wa Agosti. Ni upande gani wa kisiwa ulio na utulivu?

Jibu: Kelele za Unguja zina makao yake. Nungwi na Kendwa, kaskazini, hukesha na muziki. Paje ina baa nyingi na vijana wanaoteleza baharini kwa tiara. Utulivu uko Matemwe na Pongwe, pwani ya mashariki, au Kizimkazi kusini. Gharama yake ni maji: mashariki bahari hupwa mbali mno, na kwa saa kadhaa mgeni huwatazama kina mama wakifunga mwani kwenye kamba badala ya kuogelea. Nungwi haina sana shida hiyo, ndiyo maana imejaa watu.

Kabla ya kulipa, mwenye nyumba aulizwe jenereta iko wapi na kama jirani anajenga. Adhana ya alfajiri itasikika popote. Hiyo si kelele ya kulalamikia.

Njia nyepesi kutoka Loitokitok ni kuvuka mpaka wa Tarakea, kupitia Moshi hadi Dar es Salaam, kisha boti ya takribani saa mbili. Anayetaka ukimya zaidi aende Pemba.